Tathmini iliyohesabu viti: kisa cha wanafunzi wawili wa uzamili katika maabara moja Unguja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika maabara ya utafiti wa mimea ya bahari kisiwani Unguja. Mimi nilikuwa msimamizi wa pili wa wanafunzi wote wawili wanaohusika, kwa hiyo sikuwa mtazamaji, na sahihi yangu imo katika fomu mbili ambazo baadaye zilitubidi kuzifuta. Majina, kijiji, mwaka na mfadhili nimeviondoa, na wahusika watatu wakuu wameisoma rasimu na kukubali itumike kufundishia. Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke inaposema "yeye", nami nimeutumia mwanya huo kwa makusudi. Mmoja nitamwita mwanafunzi wa pwani na mwingine mwanafunzi wa maabara, kwa mahali ambapo kila mmoja alifanyia sehemu kubwa ya kazi yake. Kiongozi wa maabara nitamwita msimamizi mkuu.

Nawaandikia hasa wasimamizi wapya, wale ambao wamekabidhiwa wanafunzi wao wa kwanza na fomu ya tathmini katika wiki moja, wakaona kuwa fomu ndiyo kazi rahisi zaidi kati ya hizo mbili.

Mazingira ya maabara na ya kazi yenyewe

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimeenea katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba, wakulima walio wengi wakiwa wanawake. Aina mbili ndizo zinazojulikana sana: spinosum, ambayo ni sugu zaidi lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo bei yake ni nzuri lakini hufa kwa urahisi maji yanapopata joto kali. Mradi wetu ulikuwa unalinganisha ukuaji wa spinosum katika mashamba ya maji mafupi na ya maji yenye kina zaidi kidogo. Mwanafunzi wa pwani alipima ukuaji shambani. Mwanafunzi wa maabara alipokea vielelezo, akavikausha, akapima uzito mkavu, kisha akatoa karajinani, ile ute inayoufanya mwani utafutwe na viwanda vya chakula na dawa.

Kwa msomaji asiye mtu wa pwani ni lazima nieleze jambo moja, kwa sababu kisa chote kimeegemea hapo. Shamba la mwani la maji mafupi hufikika kwa miguu wakati wa bamvua tu, yaani zile siku nne au tano baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, ambapo maji hutoka mbali kabisa. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mwani hubaki chini ya maji na huwezi kuupima ipasavyo. Bamvua huja kila baada ya siku 15 hivi, na huku kwetu maji ya bamvua huwa yametoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakichelewa karibu dakika 50 kila siku inayofuata. Mwani nao huvunwa baada ya wiki sita hivi. Kwa hiyo mtafiti anayepanda katika bamvua moja huvuna katika bamvua ya tatu baada ya hiyo, siku ya 44 au karibu na hapo. Ratiba hii haiko mikononi mwa mtafiti wala mwa msimamizi.

Maabara nayo ilikuwa na ratiba yake. Saa za kazi zilikuwa kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na mlangoni kulikuwa na daftari la kutia sahihi. Kila baada ya miezi sita msimamizi alijaza fomu ya chuo yenye vipengele vitano, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 5: mahudhurio, kujituma, ushirikiano, kujitegemea na ubora wa kazi. Mkataba wa mradi ulisema kuwa posho ya mwanafunzi hutolewa kila robo mwaka kwa sharti la "maendeleo ya kuridhisha". Hakuna popote palipoelezwa yanayoridhisha ni yapi, na nakiri kwamba mimi niliyeusoma mkataba huo kabla haujatiwa sahihi sikuuliza.

Matarajio yalivyotolewa

Siku ya kwanza msimamizi mkuu aliwakusanya wanafunzi wote wanne wa mwaka ule akazungumza nao kwa muda wa dakika ishirini hivi. Aliwaambia wajitume, waifanye maabara kuwa nyumbani kwao, na wakipata tatizo wasikae nalo. Akauliza kama wamefahamu. Wakajibu kwa pamoja, "Tumefahamu, Mwalimu." Kikao kikaisha kwa dua, tukanywa chai.

Miezi minane baadaye nilimuuliza kila mmoja wa wanafunzi hawa wawili, kwa wakati wake, alifahamu nini siku ile. Mwanafunzi wa maabara alisema alifahamu kwamba anatakiwa aonekane: awahi kufika, achelewe kuondoka, na asiwe mtu wa kutafutwa. Mwanafunzi wa pwani alisema alifahamu kwamba mtu anayejituma hamchoshi mwalimu wake kwa mambo madogo, bali hupambana nayo mwenyewe mpaka yamshinde. Sioni kosa katika tafsiri yoyote kati ya hizo mbili. Maneno yaliyosemwa yalizibeba zote.

Miezi sita ya mwanzo

Mwanafunzi wa pwani alianza kwa kushughulikia kibali cha utafiti, kisha barua ya wilaya, kisha sahihi ya sheha (kiongozi wa serikali wa eneo), na baada ya hapo akapewa na wakulima kipande cha shamba. Alipanda katika bamvua ya kwanza iliyomwangukia, mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupandia, za gramu 100 kila moja, akazifunga kwenye kamba kwa vikamba vidogo kama wakulima wanavyofanya. Siku yake ya kazi ilikuwa hivi: huondoka baada ya sala ya alfajiri, hupanda daladala, saa mbili yupo ufukweni, huyafuata maji yanavyotoka, hupima mpaka maji yanapoanza kujaa, na saa saba mchana hurudi nchi kavu akiwa na ndoo ya vielelezo. Akifika mjini, daftari la mlangoni limeshafungwa. Bamvua mbili kati ya hizo ziliangukia mwezi wa Ramadhani, na alikwenda zote mbili akiwa amefunga.

Katika miezi sita zilipita bamvua 12. Alihudhuria 11. Ile aliyoikosa ilikuwa ya saba, nayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa ya mavuno ya mzunguko wa pili. Bibi yake alifariki Pemba. Alipanda boti asubuhi ileile, akabaki huko mpaka hitima ilipomalizika, na kabla ya kuondoka alimwambia mwanafunzi mwenzake, akidhani habari itamfikia msimamizi mkuu. Mwenzake naye alidhani kwamba jambo kama hilo mtu hulisema mwenyewe. Mwani ulikaa baharini mpaka bamvua iliyofuata na ukavunwa siku ya 59.

Msomaji anaweza kuona kuwa siku 15 si nyingi, lakini hesabu ya ukuaji wa mwani haisamehe. Mbegu ya gramu 100 ikifika gramu 800 kwa siku 44, ukuaji wake ni karibu asilimia 4.7 kwa siku. Uzito uleule ukigawanywa kwa siku 59 ni asilimia 3.5. Na mwani uliopitiliza siku huwa mzito kwa kamba yake, hukatika matawi na kuchukuliwa na mkondo, hivyo gramu unazopima siku ya 59 hazikuambii zilikuwa ngapi siku ya 44. Mzunguko ule ulikuwa umeharibika.

Kosa lake la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, ijapokuwa halikumuumiza mtu. Kwa miezi minne hakuingiza namba hata moja kwenye kompyuta. Kila kitu kilikuwa kwenye daftari lake la pwani, kwa penseli. Mara mbili katika kikao cha Jumatatu msimamizi mkuu alimuuliza, "Data ziko wapi?" naye akajibu, "Zipo, Mwalimu." Zilikuwepo kweli. Hakuna aliyemwambia azilete.

Mwanafunzi wa maabara kwa upande wake alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Alifika kabla mlango haujafunguliwa, akapanga chupa, akawasaidia wengine kupima, na umeme ulipokatika yeye ndiye aliyekumbuka kuhamishia vielelezo kwenye sanduku la barafu. Ukiingia maabara saa yoyote ungemkuta. Sisi sote tulimpenda, na mimi bado nampenda.

Katika mwezi wa tano msimamizi mkuu alimkaripia mwanafunzi wa pwani mbele ya kikao. Alisema maabara si nyumba ya wageni ya kuingia na kutoka, na kwamba mtu hawezi kusafiri wiki nzima bila kumuaga mwalimu wake. Mwanafunzi aliinamisha kichwa akasema, "Nisamehe, Mwalimu." Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka hapo. Nilijua kuwa siku zake nyingi za kutoonekana zilikuwa siku za bamvua, kwa sababu mimi ndiye niliyeidhinisha mpango wake wa kazi. Sikusema neno, nikijiambia kuwa si adabu kumkatiza mkubwa mbele ya watoto wake.

Mwisho wa mwezi wa sita fomu zilijazwa. Daftari la mlangoni lilionyesha kuwa mwanafunzi wa pwani hakuwepo siku 44 kati ya siku 126 za kazi. Alipewa 1 ya mahudhurio, 2 ya kujituma, 2 ya ushirikiano, na 3 katika vipengele viwili vilivyobaki, jumla 11 kati ya 25. Mwanafunzi wa maabara alipata 22. Nilitia sahihi fomu zote mbili kwa muda usiozidi dakika kumi, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha chai. Pamoja na fomu ya kwanza iliandikwa barua ya kupendekeza posho ya robo inayofuata izuiwe.

Orodha ya nauli

Kilichogeuza mambo hakikuwa malalamiko. Siku mbili baada ya fomu kujazwa, mwanafunzi wa pwani alinijia ofisini, akaniamkia, akaniomba sahihi ya kurejeshewa nauli. Kwa kuwa daladala hazitoi risiti, alikuwa ameandika tarehe za safari zake katika karatasi moja, mstari mmoja kwa kila siku. Nilitoa jedwali la maji kujaa na kupwa lililobandikwa nyuma ya mlango wangu nikalilinganisha na karatasi yake ili nisitie sahihi kwa upofu. Siku 55, na zote ziliangukia bamvua. Kati ya hizo, 38 zilikuwa siku za kazi, na daftari la mlangoni lilizihesabu kuwa za utoro. Siku 17 zilizobaki zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na hizo hazikuhesabiwa popote. Ukiondoa 38 katika 44, zinabaki sita, nazo ni za msiba.

Nikamwomba daftari. Kurasa zilikuwa zimejikunja kwa chumvi na zilikuwa ngumu kama papa mkavu. Nilipofungua katikati, chembe za mchanga zilimwagika mezani. Kila bamvua ilikuwa na kurasa zake: joto la maji, chumvi, uzito wa kila mbegu kwa namba ya kamba, na pembeni maneno ya wakulima, kwa mfano kwamba kamba ya tatu imeliwa na samaki au kwamba mkondo umebadilika tangu kusi kuanza. Ukurasa wa bamvua ya saba ulikuwa na tarehe na maneno mawili tu: "Pemba. Msiba."

Ilionekana si haki kusoma daftari la mmoja na kuacha la mwenzake, hivyo mchana uleule nilimwomba mwanafunzi wa maabara la kwake. Lilikuwa safi, kwa wino, mistari imepigwa kwa rula. Uzito mbichi, uzito mkavu, na katika safu ya muda wa kukausha limeandikwa neno moja kuanzia juu hadi chini: saa 24, saa 24, saa 24. Ndipo nilipoona tatizo. Kielelezo hakikaushwi kwa saa, hukaushwa mpaka uzito wake usipungue tena: unakitoa kwenye oveni, unakipima, unakirudisha, unakipima tena, na unaacha pale vipimo viwili vinapolingana. Bonge nene la mwani haliishiwi maji kwa muda sawa na tawi jembamba. Zaidi ya hapo, ndani ya miezi ile umeme ulikatika usiku zaidi ya mara moja, na saa 24 ambazo oveni imelala baridi tano kati yake haziwezi kuitwa saa 24.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akamtaja mwanafunzi aliyemaliza kabla yake, ambaye alimwonyesha kwa siku moja na kumwambia, "Weka leo, toa kesho." Hakudanganya wala hakuvivia. Alifanya alichoonyeshwa, kwa uaminifu, mara 180.

Maamuzi na sababu zake

Msimamizi mkuu, nilipompelekea madaftari yote mawili, alinyamaza kwa muda mrefu. Tulikubaliana kwanza juu ya lililokuwa la dharura, yaani posho. Barua ya kuizuia ilitolewa kwenye faili kabla haijapelekwa, kwa sababu mwanafunzi ambaye kodi ya chumba na nauli ya shambani vinatoka katika mfuko mmoja angekosa bamvua mbili zinazofuata, nasi tungekuwa tumetengeneza utoro tuliokuwa tunaulalamikia.

Kuhusu fomu tulibishana. Rai yake ilikuwa tuache tathmini ya miezi sita ilivyo na tusahihishe katika ijayo, kwani kuifuta kungeonyesha kuwa hatujui tunachofanya. Rai yangu ilikuwa kwamba alama hizo zingemfuata mwanafunzi kila aombapo ufadhili. Mwishowe fomu zote mbili zilifutwa na kuandikwa upya, na badala ya barua ndefu tuliambatisha ukurasa mmoja unaoeleza kosa letu. Ninaamini kilichomshawishi si hoja yangu bali ni lile daftari lenye mchanga.

Kuhusu data, mzunguko wa pili uliondolewa kabisa katika uchambuzi. Tulikataa kuukadiria kwa wastani wa mizunguko mingine, kwa kuwa msimu wa kusi na wa kaskazi haufanani, na mwanafunzi aliongezewa mzunguko mmoja mwishoni. Kwa uzito mkavu, tuliangalia vielelezo vilivyobaki katika mifuko. Kati ya 180, vilikuwepo 112 vizima. Vingine 68 vilikuwa vimeshasagwa kwa ajili ya karajinani. Hivyo 112 vilirudishwa kwenye oveni ya nyuzi 60 na kupimwa mpaka uzito wake ukatulia. Mwani mkavu hunywa unyevu wa hewa ukiwa mfukoni, lakini hilo halikutusumbua: ikiwa uzito wa mwisho ni mdogo kuliko ule ulioandikwa mwanzo, basi siku ile ya kwanza ulikuwa haujakauka. Ilikuwa hivyo kwa vielelezo vingi vya mabonge manene, na kwa matawi membamba tofauti ilikuwa ndogo sana. Vile 68 tulivitupa nje ya hesabu.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa kuandika matarajio. Tuliandika kurasa tatu, na kwa kuwa tulikuwa bado na uchungu wa makosa yetu, tulijaza kila kitu humo, hadi namna ya kuosha birika la chai. Wanafunzi wote wanne walitia sahihi. Nilipouliza baada ya mwezi, hakuna aliyeweza kunitajia vipengele vitatu.

Mara ya pili tuliandika ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza. Ukurasa wa mwanafunzi wa pwani ulisema kuwa mahudhurio yake yatahesabiwa kwa bamvua, kwamba ndani ya siku tatu baada ya kila bamvua namba zitakuwa kwenye kompyuta na picha za kurasa zitakuwa zimetumwa kwa msimamizi, na kwamba akipatwa na dharura atampigia msimamizi mkuu simu yeye mwenyewe, hata akiwa tayari yumo botini. Ukurasa wa mwanafunzi wa maabara ulisema kuwa kila njia mpya ya kupima itafanywa mara ya kwanza mbele ya msimamizi mmoja, na kwamba kila wiki mbili mtu atalifungua daftari lake na kutia sahihi ukurasa alioufikia.

Matokeo

Mwanafunzi wa pwani aliwasilisha tasnifu yake miezi miwili baada ya tarehe iliyopangwa, na ilipita kwa marekebisho madogo. Mwanafunzi wa maabara alichelewa miezi mitano, kwa kuwa kazi ya karajinani ilibidi irudiwe kwa vielelezo vipya, na kuna kipindi alifikiri kuacha. Alituambia kuwa angeweza kustahimili alama mbaya, lakini kilichomvunja moyo ni kupewa alama nzuri kwa kazi ambayo hakuna aliyeitazama. Msimamizi mkuu na mwanafunzi wa pwani wanasalimiana vizuri na wameandika makala pamoja. Mwanafunzi huyo alipotafuta nafasi ya shahada ya uzamivu, hata hivyo, aliomba katika maabara nyingine, na hakutuomba barua ya mapendekezo mpaka tulipomwambia kuwa tungependa kuiandika.

Uchambuzi

Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kama cha msimamizi mkali na mwanafunzi aliyeonewa, na ndivyo kilivyosimuliwa vibarazani kwa wiki kadhaa. Simulizi hiyo haifundishi chochote. Msimamizi mkuu alikuwa na sababu ya kuogopa kutoonekana kwa mwanafunzi: miaka michache kabla, mwanafunzi mmoja alipotea kwa mtindo huohuo, na ilipogundulika kuwa hakuwa na data yoyote, fedha zilikuwa zimekwisha na mfadhili alikuwa anadai ripoti. Daftari la mlangoni liliwekwa kwa sababu hiyo. Lilikuwa jibu la tatizo la zamani, na halikurekebishwa alipokuja mwanafunzi ambaye kazi yake iko nje ya mlango.

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, ni kwamba tulipima kile kilichokuwa rahisi kukiona. Kiti chenye mtu kinaonekana kila ukipita, ila namba iliyoandikwa kwa penseli kilomita nyingi kutoka mjini haionekani mpaka uitake. Kosa hilo liliwadhuru wanafunzi wote wawili, na kama tungekuwa na mwanafunzi wa pwani peke yake tusingeona upande wake wa pili. Mmoja alinyimwa alama kwa kazi aliyoifanya. Mwenzake alinyimwa usahihisho, kwa sababu kuwepo kwake kulitutosheleza. Kati ya madhara hayo mawili, la pili ndilo lililogharimu muda mrefu zaidi, na ndilo ambalo fomu isingelifichua kamwe, kwani hakuna anayechunguza alama ya 22.

Pili ni hilo neno "tumefahamu". Katika malezi yetu, mdogo anayemwambia mkubwa "sijafahamu" mbele ya watu anaonekana kama anayesema kuwa mkubwa hakueleza vizuri. Kwa hiyo jibu hilo ni la adabu, na msimamizi anayelichukua kama taarifa anajidanganya. Baada ya kisa hiki nimeacha kuuliza swali hilo. Naomba mwanafunzi anieleze atakavyofanya Jumatatu asubuhi, hatua kwa hatua, mkono wake ukishika nini kwanza. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza na mwanafunzi mpya kuhusu oveni, alisema, "Naweka leo, natoa kesho." Maneno yaleyale yalikuwa bado yanazunguka maabarani.

Suala la kuaga linahitaji uangalifu. Msimamizi mkuu aliumia kwa kutoagwa, na maumivu hayo yalikuwa ya kweli. Kwetu mtu haondoki nyumbani kwa watu bila kuaga, sembuse kwa mwalimu. Lakini alikuwa ameiita maabara nyumbani huku akiiendesha kwa daftari la sahihi, na mwanafunzi aliyefiwa hakujua aombe ruhusa kwa mzazi au kwa mwajiri. Alichagua njia ya watu wa familia, akapeleka habari kupitia kwa ndugu. Kanuni ya simu moja, iliyo katika ukurasa ule, imefanya kazi vizuri kuliko vipengele vingine vyote, labda kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya siku ambayo mtu hana akili ya kufikiri.

Kuhusu nafasi yangu mwenyewe, ninaona makosa mawili, na la sahihi ya haraka ndilo dogo. Kubwa ni ukimya wangu katika kikao cha mwezi wa tano. Ningeweza kumfuata msimamizi mkuu ofisini baada ya kikao, wawili tu, na kumwonyesha jedwali la maji. Adabu haikunizuia kufanya hivyo, nilivivia. Msimamizi wa pili huwekwa ili pawe na jicho jingine, na kwa miezi sita jicho hilo lilikuwa linatazama lile lile ambalo la kwanza lilitazama.

Si kila tulichobadilisha kimefaulu. Sahihi ya kila wiki mbili kwenye daftari ilidumu kwa mihula miwili, kisha msimu wa mitihani ukaikatiza, na sasa hufanyika pale fundi wa maabara anapotukumbusha. Picha za kurasa za pwani hutumwa kwenye grupu la WhatsApp na mara nyingine hukaa siku kumi bila mtu kuzifungua, jambo linalomwambia mwanafunzi kuwa tumerudi tulikotoka. Fomu ya chuo haikubadilika, maana si yetu, na bado ina kipengele cha kujituma chenye alama 1 hadi 5. Msimamizi mkuu sasa hukiacha wazi, na pembeni yake huandika kwa kalamu nyekundu tarehe za bamvua za nusu mwaka huo, akiweka alama ya vema kwenye kila moja ambayo amezisoma namba zake.